Mkia Uliobaki

Visima vyote vya mstari wa tatu viligeuka bluu kabla hata sijafunga kifuniko cha chupa.

Nilivipanga mwenyewe asubuhi ile, wenzangu wa zamu wakiwa bado kwenye chai. Ilikuwa sahani ya plastiki yenye visima tisini na sita, kila kimoja hakimezi hata matone kumi. Mstari wa kwanza niliweka maji ya chumvi. Wa pili niliweka kinasi 311 iliyo safi kabisa. Wa tatu sikuweka kinasi, niliweka mkia peke yake. Kisha juu ya yote nikadondosha majimaji ya damu ya Ambokile Mwaisumo, ile tuliyomtoa siku tatu kabla ya sindano na kuiweka akiba kwenye barafu. Ambokile mwenyewe alikuwa na siku kumi na mbili kaburini.

Bluu maana yake ni kwamba damu imekutana na adui ambaye inamfahamu tangu zamani. Mstari wa kwanza haukubadilika. Wa pili, ule wa kinasi, nao haukubadilika. Wa tatu ulikuwa bluu ya kukolea kama sketi za shule. Kwa hiyo kinasi haikumuua. Aliuawa na mkia, na mkia huo niliuacha mimi.

Nilikaa kwenye kiti cha magurudumu matano nikajizungusha taratibu, kushoto, kulia. Sikulia. Nililia baadaye, tena kwa jambo dogo tu, stapla ilipokwama.

Kinasi ni protini zenye kazi moja. Zinachukua chembe ya fosfeti na kuibandika kwenye protini nyingine, ili ile nyingine iamke au ilale. Mwilini mwa binadamu ziko zaidi ya mia tano na kila moja ina mahali pake pa kubandika. Ukizaliwa bila 311, misuli haipati amri ya kujijenga. Inaanza miguu, inafuata mikono, mwisho kifua kinashindwa kuvuta pumzi. Hapa Tukuyu tulikuwa tukiitengeneza. Tunachukua jeni ya binadamu, tunaipandikiza kwenye seli za kiwavi, seli zinakua ndani ya matangi na kututengenezea kinasi ya binadamu pasipo kujua ni ya nani. Kwa miaka mingi tuliwauzia watafiti tu, katika vichupa vyenye maandishi mekundu: KWA UTAFITI WA MAABARA PEKEE. Kisha ikaja Sheria ya Huruma. Ilisema mgonjwa asiye na dawa nyingine anaweza kupewa protini ya utafiti, mradi aliyeitengeneza atie sahihi kwamba ameisafisha hadi hatua ya mwisho. Katika maabara yetu sahihi hiyo ilikuwa ni ya Ikupa Mwambapa, yaani mimi.

Usafishaji wenyewe uko hivi. Kinasi ikitoka kwenye tangi imechanganyika na takataka zote za seli, kwa hiyo tangu mwanzo tunaiunganisha na mkia. Mkia unanata kwenye shanga ndogo tulizoshindilia ndani ya mrija. Takataka zinapita, kinasi inabaki imeshikwa. Halafu tunaukata mkia na kuutupa. Maabara hakuna anayejiuliza mkia umetoka wapi, ni kama chumvi ya jikoni. Lakini ulitoka kwa mnyoo wa kichocho. Waliotutangulia katika kazi hii waliuchukua kwa mnyoo wa Asia, ndugu wa huyu wa kwetu, kwa sababu unanata vizuri.

Katika dozi ya Ambokile, kipimo cha mwisho kilionyesha kwamba sehemu kumi na nne kwa mia bado zilikuwa na mkia. Sheria inaruhusu tatu. Nilitakiwa kuipitisha tena kwenye shanga, na kila ukiipitisha unapoteza karibu nusu. Nilikuwa na dozi moja tu, haizidi hata kidogo. Ambokile wakati huo alikuwa analala ameketi, maana akilala chali pumzi inakata. Ningeipitisha tena angesubiri wiki tano tangi jingine likomae, na wiki tano hakuwa nazo. Nikajiambia kumi na nne itamletea homa kidogo, basi. Nikachukua kalamu nikaandika mbili.

Kosa hilo angeweza kulifanya mtengenezaji yeyote, popote. Kosa la pili ni letu sisi tuliozaliwa Kyela, kando ya ziwa. Nilimjazia Ambokile fomu mwenyewe. Nilimuuliza kuhusu karanga, maziwa, penisilini, nyuki. Nikamuuliza magonjwa aliyowahi kuugua akasema, "Malaria, kama kila mtu." Nikaandika malaria. Sikumuuliza kuhusu kichocho, na yeye hakusema, kwa sababu kwetu kukojoa damu utotoni si ugonjwa. Ni utani. Mvulana akioga ziwani akaanza kukojoa wekundu, wenzake wanampigia makofi na kumwambia sasa amekuwa mwanamume. Kaka yangu alishangiliwa hivyo. Nami nilipoona wangu nilinyamaza, ukaisha. Mtu wa Njombe, asiyeoga ziwani, angeuliza. Mimi niliyekulia mle nilimtazama mwanamume wa Matema usoni, nikakipita kile kipengele kama sijakiona.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Dokta Gwakisa, mkuu wetu, mkono mmoja umeshika karatasi, mwingine umeshika andazi.

"Ikupa, pumua," alisema. "Rasimu ya tume inayochunguza kifo imetoka. Ni kakao."

"Kakao?"

"Mke wake amekiri mwenyewe. Marehemu alitakiwa asitie kitu mdomoni tangu usiku mpaka sindano. Asubuhi akamsihi mkewe, akapasuliwa tunda la kakao akanyonya punje tano. Tume inasema sukari na utomvu viliuchokoza mwili, na dawa ikauchokoza zaidi. Mambo yamekwisha."

"Punje tano, Dokta? Wewe mwenyewe unaamini?"

Aliiona sahani mezani. Alikuwa mtaalamu kabla hajawa mkuu, na mstari wa bluu haumfichi mtu mambo. Akalitafuna andazi polepole sana.

"Hiyo sikuulizi ni ya nini," alisema. "Ila nikukumbushe jambo. Wakikosa sababu, watafungua vichupa. Wakifungua vichupa na wakute karatasi ina namba ya uongo, tunafungiwa siku hiyo hiyo. Unawakumbuka wale wenzetu waliofuta tarehe moja tu? Miezi minane mlango una kufuli. Na anayefuata kwenye orodha ni nani?"

Nilimjua anayefuata. Alikuwa Tuntufye, binti wa Ambokile, miaka kumi na sita. Alikuwa amerithi ugonjwa uleule, na kifua chake kilikuwa na miezi mitatu, minne ukibahatika.

Dokta Gwakisa akatoka na andazi lake. Nikaibeba sahani mpaka kwenye sinki nikaimwagia klorini. Rangi ilififia ikawa njano, kisha ikaisha.

*

Siku ya Alhamisi Mama Tuntufye alimleta binti yake kutolewa damu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vibaraza, na gari la hospitali liliwashusha getini, wakaja wenyewe. Nilitegemea kumwona mama akisukuma kiti. Badala yake Tuntufye alikuwa anazungusha magurudumu kwa mikono yake dhaifu, hatua mbili anapumzika, na mama anakuja nyuma mbali kidogo, amejifunga kaniki, mikono ameikunja kifuani kama mgeni asiyekaribishwa.

"Mugonile," alinisalimia.

"Tugonile, Mama. Poleni na baridi. Pole, Tuntufye."

"Asante, Dada Ikupa," binti akajibu. Mama yake hakumtazama.

Ndani, nilipokuwa nikimfunga mpira mkononi, nilimuuliza lile swali ambalo sikumuuliza baba yake. Niliuliza kwa sauti nyepesi, kama natania.

"Tuntufye, ulipokuwa mdogo uliwahi kukojoa damu?"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. "Dada Ikupa nawe! Kule kwetu nani hajawahi?"

Nikachoma sindano, nikaangalia damu ikipanda kwenye mrija. Saa moja baadaye damu hiyo nayo ingekuja kugeuza visima kuwa bluu, bluu kuliko hata ya baba yake.

"Mbona husemi na mama?" nilimuuliza.

Uso wake ukajikunja. "Aliambiwa asimpe kitu. Nilikuwepo, nilisikia nesi akimwambia mara mbili. Akampa. Baba mkubwa Asajile anasema mtu anayekupenda haendi kukupa sumu kwa mkono wake."

"Kakao si sumu."

"Tume imesema." Akatazama pembeni. "Msibani walimkalisha nje na wapita njia. Mimi sikuwaambia wamwingize."

Nilibandika pamba nikaibonyeza kwa kidole. Nilitaka kumwambia hapo hapo, kusema kweli nilitaka, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na kifua cha miezi mitatu. Nikafunga mdomo.

*

Mama yake nilimkuta kwenye benchi la kibarazani, nje ya chumba cha matangi. Dirishani matangi yalikuwa yanatikisika taratibu na kutoa mlio wake wa siku zote. Nilimletea chai. Alikishika kikombe bila kunywa.

"Daktari," alisema, "nikuulize kitu. Usinidanganye kwa sababu ya msiba."

"Mimi si daktari, Mama. Ni mtengenezaji tu."

"Basi wewe ndiye unayejua zaidi. Punje tano zinaweza kuua mtu mzima? Maana nimejaribu. Jana nilinyonya tunda zima, nikakaa nasubiri. Hakuna kilichotokea. Nikasema labda ni kwa sababu mimi sikuchomwa sindano." Alisema hayo yote akikitazama kikombe. "Alikuwa ananiomba, mwanangu. Miezi miwili hakuwa na hamu ya chakula chochote. Siku hiyo akaniomba kakao. Nikasema huyu amepata nafuu hata kabla ya dawa. Nikafurahi. Ndiyo maana nikampa."

Nilimweleza yote. Nilianza na shanga na mkia, akawa haelewi. Nikaanza upya na mnyoo, akaelewa mara moja, maana kichocho anakijua kuliko mimi. Nikamwambia damu ya mumewe ilikuwa inaukumbuka ule mnyoo tangu utotoni, na siku ile tulipoingiza kipande chake ndani ya mshipa, mwili wote uliinuka kupigana mpaka ukaziba koo lake mwenyewe. Nikamwambia namba ilikuwa kumi na nne, nikaandika mbili. Nikamwambia kakao haikufanya lolote.

Nilitarajia kofi. Niseme ukweli, nililitaka lile kofi. Nilikuwa nimebeba jambo hili wiki nzima na nilitaka mtu anipokee mzigo, hata kwa kunipiga. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi kuliko hata kwenye ile karatasi. Nilidhani nakwenda kumtua yeye, kumbe nilikuwa nakwenda kujitua.

Hakunipiga. Aliweka kikombe chini, akafunika macho kwa viganja viwili, mabega yakamtikisika. Alilia bila sauti kwa muda mrefu. Kisha akajifuta kwa pindo la kaniki na kuuliza kama mtu aliye dukani.

"Huo mkia unaweza kukatwa ukaisha kabisa?"

"Unaweza. Nikikuza matangi mawili badala ya moja, nikaipitisha mara mbili, nitabakiwa na dozi moja safi. Sifuri. Nimeshaanza. Inahitaji wiki tano."

"Dozi ya nani?"

"Ya Tuntufye."

"Na mwingine anayetengeneza hii kitu yuko wapi?"

"Nchi hii hakuna. Nje wapo, foleni yao ni miaka miwili."

"Ukiwaambia wale wa tume ulichoniambia mimi?"

"Watatufungia. Miezi minane, labda zaidi. Matangi yatazimwa siku hiyo hiyo."

Akahesabu kimoyomoyo. Niliuona mdomo wake ukitembea. Minane, akatoa mitatu.

"Kwa hiyo umenipa mimi nichague," alisema.

"Hapana, Mama, mimi nilitaka tu ujue kwamba si wewe..."

"Umenipa mimi nichague," akarudia, na sasa kulikuwa na hasira, ndogo, iliyopoa. "Ungejua kunyamaza ningebaki mjinga. Ningelia na kakao yangu nikazoea. Sasa najua, na bado natakiwa niseme ni mimi. Umeona ulivyofanya?"

Nilikuwa nimeona, kwa kuchelewa. Nikamwomba anisamehe.

"Hilo tuache kwanza. Jumatatu ndiyo kikao cha mwisho. Usifungue mdomo wako. Wakisema kakao, ni kakao."

"Na Tuntufye? Nani atamwambia?"

Hapo tu ndipo sauti ilipomtetemeka. "Akiambiwa atasema. Unamjua alivyo, hawezi kuona mtu anaonewa. Atawaambia baba zake wakubwa, wao wataenda polisi kabla jua halijazama. Mwache. Apone kwanza akiwa na hasira yake."

"Akishapona nitamwambia mimi mwenyewe. Nitawaambia na tume. Naapa."

Alinitazama kama mtu anayetazama mzani wa mfanyabiashara asiyemwamini. "Wewe kamkatie mkia," alisema. "Mambo ya kuapa tutaona."

*

Kikao kilifanyika ukumbini kwetu, viti vya plastiki, maji ya chupa, kitambaa cha kijani mezani. Mwenyekiti wa tume, Dokta Mzengo, alikuwa mzee mpole mwenye miwani ya kuning'iniza, mtu asiyependa kumuumiza yeyote. Upande wa kushoto alikaa Asajile, kaka wa marehemu, na koti lake la msibani. Tuntufye alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mama yake walimwachia kiti cha mwisho kabisa nyuma. Dokta Gwakisa alikaa kando yangu, kalamu yake anaifungua na kuifunga.

Taarifa ilisomwa kurasa sita. Kinasi 311 ilisifiwa. Maabara ilisifiwa. Nilitajwa kwa jina, kwamba kumbukumbu zangu zilikuwa nadhifu na kiwango cha mkia kilikuwa sehemu mbili kwa mia, chini ya kile kinachoruhusiwa. Niliposikia namba ile ikisomwa kwa sauti nzuri ya Dokta Mzengo, nilishika ukingo wa kiti.

"Mama," mwenyekiti akasema, "tunakupa pole tena. Kabla hatujafunga, sheria inataka uthibitishe maelezo yako. Kama kuna ulichokumbuka baadaye, au kilichokosewa, ni sasa. Hakuna atakayekulaumu kwa kubadilisha."

Mama Tuntufye alisimama. Hakunitazama. Nilijua angeweza kusema sentensi moja na watu wote mle ndani wangegeuza shingo zao kwangu, na yeye angerudi nyumbani ni mjane kama wajane wengine. Moyo wangu, aibu kuliandika, ulikuwa unamwomba aiseme.

"Hakuna kilichokosewa," alisema. "Niliambiwa nisimpe kitu. Nikampa kakao kwa mkono wangu. Ndivyo ilivyokuwa."

"Si nilisema!" Asajile aliruka. "Si nilisema mimi! Na leo anasema hadharani bila hata chozi!"

"Tafadhali, mzee," mwenyekiti alimtuliza. Kisha akanigeukia mimi, miwani akiwa ameishusha. "Bi. Mwambapa, wewe ndiye mtengenezaji. Una lolote la kuongeza?"

Nilisimama pia. Ukuta mmoja tu ulitutenga na matangi mawili, yakiwa na wiki nne mbele yake. Dokta Gwakisa aliacha kuchezea kalamu. Nyuma kabisa Mama Tuntufye alikuwa bado amesimama, na sasa alikuwa ananitazama.

"Sina," nilisema.

Mwenyekiti akatushukuru kwa uaminifu wetu, akafunga faili. Watu wakaanza kuburuta viti. Asajile alipita mbele ya shemeji yake bila kumpa mkono, na wengine wakamfuata wakipita upande wa pili wa ukumbi, mpaka ikabaki nafasi kubwa tupu iliyomzunguka.

Tuntufye akaniita. Alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, na mikono yake haikuwa na nguvu ya kuzungusha magurudumu.

"Dada Ikupa, nisukume nje. Sitaki kupita karibu naye."

Nikashika vishikio vya kiti. Nilimtazama mama yake. Alinionyesha mlango kwa kidevu, haraka, kama anavyoharakishwa mtu anayechelewa gari. Tulipofika kizingitini Tuntufye alipeleka mkono nyuma akatafuta mkono wangu, akaushika, vidole vyake baridi na vyepesi.

"Wewe angalau ulijaribu kumponya," alisema.

Nikamsukuma.